Mamba katika Ziwa Kivu
(Somo kwa wale wanaoandika hadithi)



Nyuma ya likizo ya Pasaka tulipokea hadithi kumi na moja kwa ajili ya gazeti letu. Kwa desturi yetu tunazisoma kwa sauti Ijumaa jioni mbele ya wote wanaotaka kusikiliza, kiisha komite inachagua. Safari hii mwanafunzi mmoja wa mwaka wa nne alisimama kusoma hadithi ya baba yake mdogo, mvuvi, aliyekufa ziwani. Alianza vizuri. Tulisikia kasia, tulisikia wimbo wa wavuvi. Halafu akasoma kwamba usiku ule mwezi mpevu ulimulika maji yote, kwamba taa ziliwashwa na wavu ukajaa sambaza mpaka ukataka kupasuka, na ya kwamba mamba mkubwa alitoka chini ya Ziwa Kivu, akapindua mtumbwi, akamkamata yule baba.

Wanafunzi wawili wa Idjwi walikaa nyuma kabisa. Mmoja akasema: «Mamba? Mu ziwa yetu? Ilitokea wapi?» Chumba chote kikacheka. Na sisi wa komite tulicheka, tusifiche. Yule ndugu alikunja karatasi yake, akakaa, hakusoma mwisho.

Kesho yake alikuja kuomba tumrudishie daftari. Ndipo akatuambia kwamba baba mdogo alikuwa mtu kweli, na alikufa kweli, na yeye mwenyewe wakati ule alikuwa na miaka tano. Basi tulikuwa tumecheka juu ya kifo cha mtu. Tangu siku ile neno hili halituachi, na kwa sababu yake tumeandika somo hili.

Tuanze na yale yaliyochekesha. La kwanza ni mamba. Ziwa Kivu halina mamba. Kila mtoto anayeoga pale anajua, na mama yake anajua zaidi, ndiyo maana anamruhusu. La pili ni mwezi. Wavuvi wa sambaza wanafunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, wanateremsha wavu, na kuwasha taa ili samaki wafwate mwangaza. Kama mwezi ni mpevu, ziwa lote lina mwangaza, taa haivuti samaki vema, na siku zile wavuvi wengi wanapumzika, wanashona nyavu. Kwa hiyo mwezi mpevu na wavu uliojaa havipatani katika usiku mmoja. Aliyezaliwa Idjwi anayajua mambo haya kama unavyojua njia ya kwenu.

Sasa mtu atasema: «Lakini hadithi ni ya kubuni. Kama naweza kubuni mtu, kwa nini nisibuni mamba?» Ni ulizo zuri, na tumelibishana katika komite kwa muda mrefu kuliko jambo lingine lolote.

Tutazame kitabu kimoja cha kwetu. Mwaka wa 1948 Paul Lomami Tshibamba alitoa hadithi iitwayo Ngando, ikapata zawadi kule Ubelgiji mwaka uleule. Ngando kwa Lingala ni mamba. Ndani yake mtoto wa Kinshasa anakwepa shule, anakwenda mtoni, na mamba anamchukua. Na mamba huyo si mnyama tu, ametumwa kwa uchawi. Kuna mizimu, kuna maajabu ambayo hakuna mtu aliyeyapima. Na hata hivi msomaji anafwata. Kwa nini? Kwa sababu mto wa Kongo una mamba kweli. Kwa sababu watoto wanakwepa shule kweli, kwa namna ileile, kwa woga uleule wa mwalimu. Mwandikaji ametupatia mto wetu na mji wetu jinsi ulivyo, na tukiisha kuamini mji, tunakubali kutembea naye mpaka kwa mizimu. Kama angekosa juu ya mto, tungemwacha palepale pwani.

Basi ajabu halikatazwi. Lakini mwandikaji wetu hakutaka kuandika ajabu. Alitaka tuamini kwamba mambo yalikuwa hivyo.

Kama alihitaji mamba kabisa, njia ilikuwepo, na si ndefu: ateremke mpaka Uvira. Ruzizi unatoka Ziwa Kivu, kwa urefu wa metre 1.460 hivi juu ya bahari, unaanguka kwa maporomoko mpaka Ziwa Tanganika, lililo kwa metre 770 hivi. Kule chini kuna joto na kuna mamba, na watu wa huko wana habari zao za kutosha. Wavuvi wa taa wako pia. Angeweza kuhamisha hadithi, ao kuhamisha mamba. Kuviweka vyote viwili mahali pasipofaa, hapana.

Na tukiwa tumetaja Ruzizi, kuna habari yake moja inayofaa somo letu. Mwaka wa 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi. Walitaka sana kujua kama mto ule unatoka katika Tanganika kuelekea kaskazini, maana ungeweza kuwa mwanzo wa Nili. Watu wa pale wakawaambia: hapana, mto unaingia ziwani. Wale mabwana hawakufika mdomoni mwa mto kuona. Wakarudi kwao, na huko Ulaya watu wenye elimu wakaendelea kubishana, wengine wakichora mto ukienda kinyume, mpaka Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipokwenda kwa mtumbwi wakaona kwa macho: unaingia. Miaka kumi na tatu ya mabishano, na jibu lilikuwa limesemwa Uvira siku ya kwanza. Mvuvi hana diploma, lakini juu ya maji ya kwao usimwandikie mambo yake bila kumwuliza.

Tusifikiri kwamba ni sisi wanafunzi tu tunaokosa. Mwaka wa 1954 Mwingereza William Golding alitoa Lord of the Flies. Kwa Kifaransa kinaitwa Sa Majesté des Mouches. Vijana wameachwa peke yao kisiwani. Mmoja wao, Piggy, haoni mbali bila miwani. Wenzake wanatwaa miwani yake, wanaiweka kwenye jua, wanawasha moto, na juu ya moto ule mambo mengi ya kitabu yanasimama. Golding alipewa zawadi ya Nobel mwaka wa 1983. Lakini miwani haikubali! Mtu asiyeona mbali anavaa kioo chembamba katikati na kinene pembeni, na kioo cha namna ile kinatawanya mwangaza, hakiukusanyi. Kinachowasha moto ni kioo kinene katikati, kile cha wazee wanaoshindwa kusoma herufi ndogo.

Hatukutaka kuamini tu. Tulimwomba mwalimu wa fizika, tukatoka naye uwanjani saa sita, na miwani mbili na karatasi moja. (Msitazame jua na kioo, na msiache karatasi karibu na majani makavu.) Miwani ya mzee mlinzi wetu ilikusanya mwangaza ukawa doa dogo jeupe. Ile ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu, asiyeona ubao, ilitoa kivuli, na mwangaza kidogo kukizunguka. Mlinzi alifurahi sana kwamba miwani yake ilishinda.

Je, kitabu cha Golding kimekufa kwa ajili ya miwani? Hapana, watu wanakisoma duniani pote. Kuna makosa ambayo kitabu chenye nguvu kinayabeba. Lakini sisi tusijipime kwa Golding. Msomaji wake amekwisha kushikwa na hofu ya wale vijana kabla ya kukumbuka fizika. Wa kwetu alikumbuka ziwa kabla ya kumjua marehemu.

Tena kuna wakati ambapo wasomaji wanamshitaki mwandikaji bure. Robinson Crusoe, kitabu cha Daniel Defoe cha mwaka wa 1719, kinasimulia mtu anayevua nguo zake, anaogelea mpaka kwenye meli iliyovunjika, na kule anajaza mifuko yake biskuti. Watu wamecheka miaka na miaka: mtu uchi ana mifuko gani? Lakini ukiendelea kusoma kidogo, Robinson anasema kwamba aliogelea na suruali yake ya kitani na soksi. Kosa la Defoe ni kuchelewa kusema. Ni vizuri kukumbuka hili siku unaposahihisha karatasi ya mwenzako kwa furaha nyingi.

Namna gani basi mtu anapata mambo ya kweli? Emile Zola alitaka kuandika juu ya wachimbaji wa makaa ya mawe, naye hakuwa mchimbaji. Mwezi wa Februari 1884 kulikuwa mgomo katika migodi ya Anzin, kaskazini mwa Ufaransa. Akaenda. Akaingia nyumba za wafanyakazi, akauliza bei ya vyakula, akashuka shimoni, akaandika yote katika karatasi. Kitabu chake Germinal kilitoka 1885. Ndani yake kuna farasi anayevuta magari ya makaa chini ya ardhi kwa miaka mingi, hajaona tena jua. Jambo kama lile mtu hawezi kulitunga akikaa mezani. Na kama angelitunga, nani angemsadiki? Wenzetu ambao baba zao ao babu zao walifanya kazi katika migodi ya Katanga wana Germinal nyumbani kwao, na hawajauliza hata ulizo moja.

Hadithi zile kumi nyingine tulizozipokea nazo hazikuwa safi. Tuseme kwa haraka, bila majina.

Dada mmoja aliandika kwamba nyanya yake alikaanga sambaza Bukavu mwaka wa 1930. Lakini samaki hao waliletwa Kivu kutoka Tanganika mwishoni mwa miaka ya 1950. Nyanya angepata samaki wengine. Mwingine alisimulia wahenga, mbele ya kufika kwa wazungu, wakifanya baraza chini ya mikaratusi: mti huo asili yake ni Australia. Mwingine tena alinyesha mvua kali Lubumbashi mwezi wa saba. Mwezi wa saba Lubumbashi ni kiangazi, vumbi, na usiku baridi inauma. Tulipomwuliza kama amekwisha kufika huko, alijibu hapana, lakini mvua ilikuwa ya lazima, maana msichana katika hadithi alikuwa analia. Tulimwambia kwamba watu wa Lubumbashi wanalia pia wakati wa kiangazi.

Miaka inadanganya kuliko vitu vyote. Babu hawezi kununua baiskeli kwa zaïre mwaka wa 1959: zaïre ilianza 1967, na faranga tunayoitumia sasa ilianza 1998. Anayesafiri kwa treni ao masua mwaka wa 1962 anafika Stanleyville. Jina la Kisangani lilitangazwa 1966. Kijana wa mwaka wa 1975 hakuitwa Jean-Pierre katika kitabu cha darasa, kwa sababu tangu 1972 majina hayo yalikuwa yamekatazwa, hata kama mama yake alimwita hivyo jikoni. (Hapo kuna hadithi nzuri kabisa, na hakuna aliyeiandika.) Na mwaka uleule shule kama yetu zilikuwa mikononi mwa serkali, zilizochukuliwa mwaka wa 1974, makanisa yalirudishiwa kuziongoza kwa mapatano ya 1977. Tena, tafadhali, mtu asipige simu ya mfukoni kijijini mwaka wa 1985.

Saa pia. Redio ya Kinshasa ikisema ni saa moja usiku, kwetu ni saa mbili tayari. Jua letu linazama karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima. Zile jioni ndefu za mwezi wa sita, zenye jua mpaka saa tatu, ni za vitabu vya Ufaransa, zimeingia daftarini mwetu bila ruhusa. Na mwezi: ule mchanga, mwembamba, unaonekana magharibi jua likiisha kuzama, na haukawii kushuka. Ule mpevu unapanda mashariki wakati jua linapozama. Katika hadithi tatu mwezi mchanga ulipanda usiku wa manane. Hakuna aliyetoka nje kutazama, na inagharimu nini? Hata kandili haihitajiki.

Lakini kuna hatari ya upande mwingine. Tukiisha kumwambia mwanafunzi kwamba inapashwa kujua, anajua mno. Anatueleza urefu wa mtumbwi, bei ya wavu, jina la kila kilima kutoka hapa mpaka Goma, na marehemu hafi kamwe kwa sababu bado tunapima kamba. Ujue mambo kumi, uandike mawili. Yale nane hayapotei; yanakulinda usiandike neno la kumi na moja ambalo ni uongo. Na pale usipojua na huna mtu wa kumwuliza, nyamaza tu. Sema «usiku», usiseme mwezi. Sema «alilipa», usiseme faranga ngapi. Msomaji hatakudai kile usichomwahidi.

Neno moja zito zaidi. Kuna mambo ya kweli yasiyofaa kuandikwa katika hadithi, na si kwa sababu ya sarufi. Mwandikaji mmoja alitaka mchawi katika hadithi yake. Akampa jicho bovu, akampa nyumba karibu na kisima, mbuzi wawili, na wajukuu wasio na wazazi. Kila mtu wa kartie ile alijua ni mama gani. Mahali petu watu wazee wamefukuzwa makwao, na wengine wamepigwa, kwa maneno mepesi kuliko hayo. Hatukuichapa, na tulichoma ile karatasi mbele ya mwenyewe, naye alikubali. Ukitwaa jicho kwa mtu mmoja, nyumba utwae kwa mwingine, na kisima ukiweke kijiji kingine. Usahihi tunaoudai ni wa namna mambo yanavyokwenda: mwezi, maji, feza, kazi ya mikono. Hatudai kumfungia jirani kamba.

Turudi sasa kwa ndugu yetu wa mwaka wa nne. Tulimwomba radhi. Kiisha tukamwuliza: baba mdogo alikufa namna gani? Akanyamaza, halafu akasema hajui vizuri, nyumbani hawalisemi. Mamba alimweka yeye mwenyewe, kwa sababu kuzama tu kulionekana kidogo mno kwa mtu aliyempenda hivyo.

Siku ya posho alikwenda pwani pamoja na mmoja wetu, kumtafuta mzee aliyekuwa katika mtumbwi uleule. Tulimkuta anashona wavu. Tunaandika mazungumzo jinsi tulivyoyasikia.

«Jambo, mzee.»

«Jambo, batoto. Munatafuta samaki? Leo hakuna. Mwezi iko kubwa, siye tunalalaka nyumbani.»

Yule ndugu akajitambulisha kwa jina la baba yake. Mzee akaacha sindano, akamtazama.

«Kumbe ni weye. Ulikuwa mudogo sana. Ukae hapa.»

Alieleza kwa muda mrefu, na hatutaandika yote, maana si mali yetu. Usiku ulikuwa mweusi kabisa, usiku mzuri wa kazi. Upepo ulikuja ghafula kutoka upande wa milima, jinsi unavyokuja kwenye ziwa hili. Taa ya kwanza ilianguka majini ikazimika, kiisha ya pili. Watu hawakuonana tena. Walikuwa wanaitana kwa majina katika giza, kila mmoja akijibu, ili wajue ni wangapi. Baba mdogo alijibu mara mbili.

Kijana hakuandika kitu pale pwani. Aliuliza tu neno moja zaidi: je, wimbo wa kasia waliouimba ulikuwa upi? Mzee akamwimbia kidogo, polepole, mkono wake ukipiga ubavu wa mtumbwi.

Hadithi mpya ina kurasa mbili na nusu, imepungua kuliko ile ya kwanza. Mwezi haumo, mamba hamo. Ijumaa iliyopita aliisoma mwenyewe, akasimama mahali palepale. Wale wawili wa Idjwi walikuwa nyuma kama kawaida. Alipofika pale watu wanapoitana majina, mmoja wao aliinama, akaweka mikono usoni, na hakuinuka mpaka karatasi ilipokwisha.

Mtaisoma katika namba ijayo, kama wino na karatasi vitatufikia mbele ya mitihani. Wengine wanaotaka kuleta hadithi wazilete kwa komite kabla ya mwisho wa mwezi, zimeandikwa upande mmoja wa karatasi, na pembeni kwa kalamu ya risasi mtuandikie mlimwuliza nani.